Mleta Jibu Hanywi Chai Kwanza

Mimi ni mtu wa Kitale, na kwetu mtu akitaka kukunyima anakunyima. Atakwambia hapana, mtagombana kidogo, halafu mtaulizana habari za mvua. Ndiyo maana miaka yangu ya kwanza Doha niliteseka sana na waungwana. Nilikuwa mapokezi katika ofisi moja ya West Bay, na kuanzia msafishaji hadi bosi wa ghorofa ya juu, sikumwona mwenye ubavu wa kutamka hapana. Kila kitu kilikuwa inshallah, bukra yaani kesho, tutaona. Nilikaa nikisubiri mambo yaliyokuwa yamekwisha kukataliwa zamani, na nikawa mtu wa hasira za karibu.

Aliyenitoa katika adha hiyo ni mama mmoja wa Mombasa, jambo lililonishangaza, maana nilidhani watu wa pwani ndio waliobuni uungwana wenyewe. Alikuwa mpishi katika nyumba ya familia moja kule Umm Salal, tangu watoto wa nyumba hiyo wakibebwa mgongoni hadi walipoota ndevu. Kila Ijumaa dereva wa familia alimshusha mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, mbele ya jengo tulilokaa, naye akapanda ngazi akihema na kuilaani lifti, mkononi sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama chetu cha kuweka na kukopa. Sote tulimwita Mama, hata mweka hazina wetu, Mganda aliyekuwa mlinzi katika mnara mmoja wa West Bay, ambaye kwa mvi zake angeweza kuwa mdogo wake wa kumfuata.

Tulikuwa Wakenya na Waganda, Waislamu na Wakristo, wauguzi, madereva, yaya na wahudumu wa hoteli. Hatukutoza riba, kwa sababu Mama alisema hatatia mkono wake katika riba hata tukimpa kiti cha dhahabu. Sisi Wakristo tulinung'unika kidogo, kisha tukaionja raha yake siku tulipokopa wenyewe.

Lakini alikuwa na sheria moja aliyoishikilia kuliko hata hiyo ya riba. Mtu akiomba mkopo, na chama kikaona hakiwezi kumpa alichoomba ila kinaweza kumpa pungufu, au kwa masharti mengine, sharti aambiwe. Aambiwe kabla ya Ijumaa ya pili, faraghani, uso kwa uso, na mtu mmoja aliyetumwa kwa kazi hiyo. Na asiambiwe tu kwamba tumekupa hiki. Aambiwe kwanza kuwa alichoomba hakupewa, ndipo aelezwe anachopewa badala yake, na sababu.

"Mtu kakuomba ng'ombe nawe wampa mbuzi," Mama alikuwa akisema, "mwambie huyu ni mbuzi. Usimwache akajenge zizi la ng'ombe."

Tena mleta jibu hakuruhusiwa kula wala kunywa chochote kwa mwombaji kabla ya kusema alichotumwa. Hilo niliona limezidi. Safari ya kuvuka Doha kwenye joto lile, ukifika unyimwe hata chai? Mama akanieleza kwamba tumbo likishashiba cha mtu, mdomo huona haya.

Sheria hii hakuiokota hewani. Ujanani mwake kule Mombasa aliomba mkopo kwenye chama fulani cha akiba ili akodi kibanda cha kukaangia viazi na mihogo karibu na shule. Wakubwa wa chama walikaa, wakaamua kumpa pungufu ya alichoomba, kisha kila mmoja akadhani mwenzake amekwisha kumwambia. Yeye akawa anakwenda kukaa kwenye benchi lao wiki baada ya wiki, anaambiwa subiri kidogo, dada. Alipokuja kujua, kibanda kilikuwa na mwenyewe na mafuta yanachemka.

"Kile kidogo kingenitosha," aliniambia. "Ningeanza na karai moja. Lakini sikukijua."

Mimi nilikuwa katibu, kwa hiyo sehemu ya pili ya sheria iliniangukia mimi. Aliyekwisha kuambiwa alipewa muda wa kufikiri, hadi mwisho wa mwezi uliofuata. Akikubali, vema. Akinyamaza, kimya chake hakikuhesabiwa kuwa ndiyo. Ilibidi nimfuate nimwambie kwamba ombi lake tumelifunga, na kwa nini tumelifunga, ili asibaki njia panda, akatafute pengine.

Namkumbuka jamaa mmoja wa Kisumu, mhudumu wa hoteli, aliyeomba fedha za kumnunulia kaka yake pikipiki. Tulimwambia tunaweza kutoa kiasi kidogo tu. Akasema asante sana, akapotea. Ijumaa haonekani. Nikimkuta kwenye baqala, kile kiduka cha chini ya jengo letu, anajibanza nyuma ya magunia ya mchele, na alikuwa mrefu, magunia hayakumsitiri kitu. Muda ulipokwisha nikamfuata hapo hapo kwenye magunia nikamwambia ombi lako limefungwa kwa kuwa hukutujibu, na ukitaka kuomba upya mlango uko wazi. Alishusha pumzi mpaka nikamhurumia.

"Madam katibu, nilikuwa naogopa kuwashow hiyo doo kidogo haitanisaidia," akasema. "Niliona mtasema najiskia sana."

Ijumaa iliyofuata alirudi, akakaa mstari wa mbele na kula sambusa kuliko wote. Tangu siku hiyo niliacha kuiona sheria ya Mama kuwa usumbufu. Nilianza hata kuitetea mbele ya wanachama wapya, kwa ukali kuliko mwenyewe.

Basi mwaka mmoja, miezi michache kabla ya Ramadhani, Mama mwenyewe akaomba mkopo. Hakuwahi kuomba hata siku moja kabla ya hapo.

Mama yake mzazi alikuwa amefariki na kuacha nyumba Mombasa, yenye baraza mbele na ua nyuma. Ndugu zake walitaka kuiuza wagawane mafungu yao ya urithi, na mnunuzi alikwisha kupatikana, mtu wasiyehusiana naye kwa lolote. Mama aliwasihi wamwuzie yeye. Wakampa muda hadi Idi. Ndiyo nyumba aliyozaliwa, na miaka yote ile ya kuwapikia watu wengine alikuwa akisema kwamba akichoka atakwenda kuzeekea humo.

Alituambia hayo akiwa amesimama, hakukaa kwenye kiti chake cha uenyekiti. Kisha akatoka, kama sheria yake ilivyotaka, akaingia jikoni na kufunga mlango ili kamati ijadili. Wanachama wengine wakateremka chini kununua soda. Tukabaki watatu, mimi, mweka hazina, na muuguzi mmoja wa Machakos mwenye sauti ya upole. Ng'ambo ya ukuta tulimsikia Mama akikaanga sambusa zetu.

Mimi nilikuwa tayari kumpa lote. Mweka hazina akakuna kichwa.

"Banange," akasema taratibu, "kuna maneno mimi nimesikia."

Dereva wa familia ile alikuwa Mganda mwenzake, na walisali kanisa moja. Dereva alimwambia kwamba watoto wa nyumba wanakwenda kusoma ng'ambo, nyumba itapangishwa, na madam, bibi mwenye nyumba, atahamia kwa mama yake mzazi, ambako kuna wapishi tayari. Mama angerudishwa kwao baada ya Idi, kwa heshima zote na zawadi. Dereva alijua, msafishaji alijua, watoto walijua. Aliyekuwa hajui ni Mama.

Bila mshahara angetulipa nini? Tulitazama miezi iliyobaki hadi Idi, tukaona inaweza kubeba nusu ya alichoomba. Nusu, basi, tukakubaliana bila ugomvi. Kilichotufunga midomo ni ile sababu. Kumpa Mama sababu ilikuwa ni kumwambia kazi yake imekwisha, kabla hata waliomwajiri hawajamwambia. Mlango wa jikoni ukafunguliwa, Mama akaingia na sinia, na sisi watatu tukaanza kusifia sambusa kwa pamoja.

Mweka hazina alijitolea kwenda. Alisema yeye ni mwanamume, amezoea mambo magumu, mlangoni kwake amewahi kumzuia mtoto wa mkubwa aliyekuja bila kitambulisho. Akaenda Umm Salal siku yake ya mapumziko, akarudi na mfuko wa pilau, kachumbari ndani ya kopo lake, na chupa ya achari ya ndimu.

"Umemwambia?" nikamwuliza.

"Nyabo, nilifika pale, akasema kaa, nikakaa. Akasema kula, nikakula."

"Na jibu?"

"Nilimwambia mambo yanaendelea vizuri tu."

Nilitaka kumpiga na lile kopo la kachumbari. Muuguzi akaingilia kati. Yeye alikuwa na njia yake, nayo ilikuwa ya huruma kama alivyokuwa mwenyewe. Ijumaa ikifika tumtie Mama ile nusu mkononi, tumkumbatie, tusiseme mengi. Ni mtu mzima, ataelewa.

"Ataelewa nini?" nikasema. "Ataelewa kwamba huo ni mwanzo na nyingine inakuja. Atawapigia ndugu zake awaambie nyumba ni yake. Idi ifike hana nyumba na hana kazi, na sisi tuko hapa tunajua."

"Sasa wewe utamwambia aje, walai? Yule ni mzazi wetu."

Nilikuwa nalia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani. Nilimpenda yule mama. Ndiye aliyenifundisha kupika wali usioshikana, ndiye aliyekaa nami hospitalini nilipotolewa kidole tumbo, akiwasumbua manesi mpaka wakamjua. Lakini Ijumaa ya pili ilikuwa inakaribia, na sheria ilikuwa yake.

Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi la Umm Salal. Njia nzima nilijisemesha maneno matamu, na kila nilipoyapanga yalikuwa yanazunguka mbali na jambo lenyewe. Nilimkuta kwenye jiko la nje, lile la uani, anaosha mchele kwenye beseni kubwa. Alifurahi kuniona. Akakausha mikono, akafungua chupa ya chai ya karak, harufu ya iliki ikanijia usoni, na mimi nilikuwa na kiu ya kufa.

"Sitakunywa kwanza, Mama."

Akaifunga chupa polepole. Akanitazama, kisha akacheka kidogo.

"Kumbe wewe ndiye uliyetumwa. Yule mwenzio alikula sahani mbili."

"Najua."

"Haya, mwanangu. N'ambie."

"Ulichoomba hatukukupa, Mama."

"Enhe."

"Tunaweza kukupa nusu."

"Nusu. Na sababu?"

Maneno niliyoyapanga kwenye basi yalinitoroka yote. "Tumesikia baada ya Idi unarudishwa nyumbani. Watoto wanakwenda kusoma nje na nyumba itapangishwa. Mshahara wa miezi iliyobaki unabeba nusu tu."

Alirudisha mikono ndani ya mchele, akausugua, akamwaga maji, akatia mengine.

"Nani kasema?"

"Dereva wenu."

"Dereva ajua."

"Wote wanajua, Mama."

"Jana hawa watoto walikuja hapa jikoni wakanikumbatia, mmoja baada ya mwengine," akasema. "Nami nikadhani wana njaa."

Akanawa, akajifunga mtandio vizuri. Akaniambia nisiondoke, akaingia nyumba kubwa. Nilibaki na ule mchele. Baadaye nilisikia sauti ya mwanamke akilia ndani, nikanyanyuka mbio, nikajua kwamba siyo Mama. Alikuwa madam. Sauti ya Mama nayo niliisikia, Kiarabu chake cha jikoni, kikimtuliza mwenzake.

Aliporudi alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Kweli," akasema. "Alikuwa angoja siku njema ya kuniambia. Keshaninunulia bangili ya dhahabu ya kuniaga. Mimi bangili nitaivaa nikae nayo wapi? Kibarazani kwa watu?"

Nikaanza kumwomba radhi. Nilimwambia laiti ningejua njia nyingine ya kumwambia. Alininyamazisha kwa mkono wenye harufu ya mchele.

"Usiniombe radhi kwa kuja. Mungekuja baada ya Idi, hapo tungeombana radhi. Sasa nina miezi yangu ya kufanya jambo. Haya, kunywa chai sasa."

Niliinywa na machozi yangu, naye akanikemea kwamba naitia chumvi.

Ijumaa alipanda ngazi zetu kama kawaida, akiilaani lifti. Kwa sheria, mwombaji hutoa jibu lake mbele ya wote, naye akasimama, mikono kaifumbata. Mweka hazina hakuweza kumtazama. Alikuwa anasoma maandishi ya chupa ya maji.

"Lile lote mumenikatalia, nimesikia, na sababu nimeisikia," akasema. "Nusu naichukua. Mshahara wangu wa miezi iliyobaki ni wenu, mutaupata mkononi mwangu. Madam naye keshanipa neno, haki yangu ya mwisho wa kazi anipa sasa, si siku ya safari. Ukizitia pamoja, hazifiki nyumba nzima. Basi nataka kuwaomba ndugu zangu nusu ya nyumba."

Ile nyumba, alitueleza, ilikuwa na sehemu mbili. Mbele baraza na vyumba vya barabarani, ambavyo ndivyo vyenye bei. Nyuma vyumba viwili na ua, na mlango wake wenyewe wa uchochoroni. Uani ndiko mama yake alikokuwa akikaa jioni, akisukwa nywele. Mbele wamwuzie yule mtu, yeye wamwachie nyuma.

Akapiga simu pale pale, akaiweka mezani na kufungua sauti tusikie sote. Akapokea mdogo wake wa kiume, ndiye aliyekuwa akishughulikia mambo ya mirathi. Waliamkiana kipwani, na salamu za kwao si za kukatiza. Akauliza afya, joto la huko, madam hajambo, watoto hawajambo, Ramadhani inakuja kwa kasi. Mama akajibu yote. Kisha akamweleza anachotaka.

"Inshallah, dada," akasema yule ndugu. "Tutalitazama, kheri ipo."

"Usilitazame. Ninyime au nipe, na unambie sababu."

Tulisikia mtu akiuza kitu nje ya dirisha lao, na mlango ukifungwa, nadhani aliondoka mbele ya watu.

"Nyuma tutakupa, dada," akasema. "Hilo naweza kulisema mimi, wenzangu hawatakataa. Mbele hatuwezi. Yule mtu tushapokea pesa zake za vile vyumba vya barabarani."

Muuguzi akanishika mkono chini ya meza. Walimpa dada yao muda hadi Idi, na Idi ilikuwa bado, na tayari walikwisha kuuza. Nilitaka kuipokonya ile simu nimfundishe adabu za Kitale. Mama hakupandisha sauti.

"Mulinipa hadi Idi," akasema. "Sababu?"

Mweka hazina aliinama juu ya simu kutazama kama laini imekatika.

"Dada," sauti ikasema, "sisi hatukudhani utarudi."

Hakuna aliyethubutu kumtazama Mama. Sote tuliokuwa chumbani mle tulikuwa na watu kwetu, tunawatumia fedha kila mwezi, tunawapigia Ijumaa, tunawaambia mwakani, mwakani. Nilisikia mtu akilia nyuma yangu na sikugeuka kuona ni nani.

Mama aliivuta simu karibu na mdomo wake.

"Narudi," akasema. "Baada ya Idi. Nifungulieni ule mlango wa uchochoroni, mufagie ua. Umesikia?"

"Nimesikia, dada." Sauti ya yule mtu mzima ilikuwa imekuwa ya mtoto. "Nimesikia. Wewe warudi."